Sauti Yangu Bila Mimi

Ruashi, Lubumbashi

Kwako yaya wangu, kaka yangu mkubwa Zakari,

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako hapo Kasenga. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, pamoja na mke wako Myriam na watoto. Magoti ya mama yanaendeleaje? Siku hizi anaweza kusali amesimama, ama bado anakaa juu ya kiti? Nasikia Luapula ilipanda sana mwaka huu. Nijulishe kama maji yamerudi mahali pake na kama mitumbwi imeanza tena kazi. Samaki uliowatuma kwa lori walifika wakavu, bila harufu mbaya, na wateja wangu hapa sokoni waliwagombania. Mimi mwenyewe sina ugonjwa. Ninakula, ninalala. Nisome mpaka mwisho ndipo utajua usingizi wangu ni wa namna gani.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimeacha kutia sauti yangu ndani ya simu, hata kwa ajili yako. Sauti yoyote inaweza kujifanya mimi, lakini mwandiko wangu unaujua, maana ni wewe uliyenishika mkono nikijifunza kuandika jina langu. Dereva wa lori amekubali kuibeba barua hii mfukoni mwake.

Katika ujumbe wako wa mwisho ulimsifu Direkta Gérard, mkubwa wangu wa zamani pale redioni. Ulisema mtu anayekiri kosa lake mbele ya mji mzima ni mtu ambaye Mungu amemgusa, na kwamba hata hapo msikitini kwenu ametajwa kama mfano. Halafu ukaniuliza kuhusu binti yako Rabia, anayetaka kuja kwangu kusoma informatique, elimu ya kompyuta. Ulitaka nikuambie, mimi niliyefanya kazi karibu na mashine hizi, kama ni kitu cha kuogopa ama cha kukaribisha. Maswali hayo mawili nitayajibu kwa habari moja, na nitaanza mbali kidogo.

Unajua nilivyoipenda kazi ya redio. Kila mchana nilisoma matangazo: nani amefariki na matanga yako wapi, mtoto gani amepotea, mtaa gani utakosa maji. Kwa tangazo la kifo nilikuwa na desturi moja ambayo Gérard hakuipenda. Kabla ya kulisoma, nilipigia familia simu. Niliuliza jina la marehemu, kisha nikaliuliza tena. Gérard alilalamika kwamba ninapoteza wakati wa kituo. Nilimjibu kwamba siwezi kumzika mtu kwa kinywa changu kabla sijauliza kama kweli amekufa.

Mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, aliniomba nisome mbele ya mikro vitu vya kila aina: hadithi za watoto, habari za zamani, majina ya mitaa, hata kucheka na kukohoa. Alisema ni kwa ajili ya archives, hifadhi ya kituo, ili sauti yangu isipotee siku nitakapozeeka. Nilifurahi, yaya. Kila siku nilivaa kitenge kizuri, kana kwamba mashine ingeniona.

Kazi hiyo ilipokwisha aliniita ofisini. Syntiche, fundi wetu wa studio, alikuwa amesimama karibu na kompyuta akitazama viatu vyake. Gérard alibonyeza kitu, na nikajisikia nikisoma tangazo la mkutano wa wauza makala, mkaa wa kupikia, tangazo ambalo sijawahi kuliona. Ilikuwa mimi kabisa. Hata pale ninapovuta pumzi kabla ya kutaja jina la mtu, ile nayo ilivuta pumzi, na haina mapafu. Gérard alisema hii haitaugua wala haitaomba ruhusa ya kwenda matanga. Akanishukuru kwa niaba ya kituo, na siku ile ile nilirudi nyumbani bila kazi.

Ndipo nilipoanza kuuza samaki wako. Mchana, sauti yangu ilitoka katika redio ya muuza dawa aliye mbele ya meza yangu, na mimi nimekaa pale na mikono yangu inanuka samaki. Wateja walicheka, waliniuliza ninafanyaje kuwa mahali pawili. Na mimi nilicheka. Niliona nimeibiwa, lakini nilifikiri ni wizi unaoniumiza mimi peke yangu.

Sasa nikueleze Adolphine, maana humjui. Ni jirani yangu wa nyumba ya nyuma, mshonaji wa sare za shule. Babu zake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Mume wake, Clément, alikuwa creuseur, mchimbaji wa mikono katika machimbo yaliyo mbali kidogo, upande wa nje wa Ruashi. Machimbo yale yanatawaliwa na mfanyabiashara mmoja anayeitwa Mwansa. Kila asubuhi Clément alipita mbele ya mlango wangu na kuniamkia kwa kuiga namna ninavyoanza matangazo, na mimi nilijifanya nimekasirika.

Siku moja ya mvua, asubuhi, udongo uliporomoka na kuwafunika wanaume waliokuwa chini. Wake, ndugu na majirani walikimbia na makoleo, na wengine na masufuria. Adolphine alikuwa wa kwanza kuanza kuchimba. Walikuwa bado wanachimba wakati redio iliposema, kwa sauti yangu, kwamba familia zote zinajulishwa kuwa wachimbaji wote wametolewa wakiwa hai kwa njia ya upande wa pili na wanapelekwa katika hospitali za mjini, na kwamba watu wanaombwa kuondoka ili magari ya msaada yapate njia.

Hakukuwa na njia ya upande wa pili. Mwansa alikuwa amechimbisha mahali alipokatazwa, na hakutaka umati wala wakubwa wa serikali waone. Alimpigia Gérard, rafiki yake, akamsomea tangazo hilo kwa simu. Gérard aliliingiza ndani ya mashine, na mashine ikalisoma vizuri sana, pole pole, kama ninavyosoma mimi nikitaka watu watulie.

Watu waliweka makoleo chini. Adolphine aliniambia baadaye kwamba asingemwamini Mwansa wala polisi, lakini sauti yangu aliiamini, kwa sababu ilikuwa imezoea kumwambia ukweli juu ya watu waliokufa. Alizunguka hospitali moja baada ya nyingine mpaka jua likazama, akiuliza kama kuna mgonjwa anayeitwa Clément. Walipogundua uongo na kurudi machimboni kesho yake, hakuna aliyetoka mzima. Clément na wenzake hawakukutwa pale udongo ulipowapiga. Walikuwa wamejivuta mpaka kwenye kona moja na kukaa pamoja. Mmoja alikuwa amevunjika mguu, na mguu ule ulikuwa umefungwa vizuri kwa mkanda wa Clément. Kwa hiyo walikuwa hai. Walikuwa wanangoja.

Baada ya mazishi Adolphine alikuja sokoni. Alisimama mbele ya meza yangu na nguo zake za kilio, akanipiga kofi. Alisema, “Ulituambia bako bazima. Tuliacha kuchimba juu yako.” Watu walianza kukusanyika. Nilisimama, nikakana, nikasema, “Haina mie. Ni mashini.” Yaya, kila nilipofungua mdomo mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu waliisikia sauti ile ile. Mwanaume mmoja aliwaambia wenzake, “Musikilize, njo yeye.” Mtu alinivuta kitambaa cha kichwa, mwingine alimwaga samaki chini. Rachida, anayeuza unga karibu yangu, ndiye aliyenisukuma ndani ya depo lake na kufunga mlango kwa mgongo wake.

Tangu siku ile nilinyamaza. Sokoni nilionyesha kwa kidole. Kwenye teksi nilishuka mbele kuliko nilikotaka, kwa kuogopa kusema “nishushe hapa”. Ulilalamika wakati ule kwamba sijibu simu zako. Sasa unajua sababu.

Nilikwenda kwa Gérard. Sikumwomba kitu kikubwa. Nilimwomba aseme sentensi moja redioni, kwamba sauti iliyosoma tangazo lile haikuwa yangu. Alinikaribisha na kuniagizia sucré, soda baridi. Alisema akisema hivyo wasikilizaji hawataamini tena tangazo lolote, na wenye biashara watakwenda kutangaza kwingine. Alisema sauti ile sasa ni ya kituo. Nilimuuliza kwa nini hakupiga simu hata moja kabla ya kuliingiza. Hapo alitabasamu, si kwa ubaya, kama mtu anayemweleza mtoto. “Mounira,” aliniambia, “we ungeuliza maulizo. Mashini haiulizi kintu.”

Nilielewa. Hakuweka mashine kwa sababu ilisoma vizuri kama mimi. Aliiweka kwa sababu yote niliyokuwa nayo ilikuwa nayo, isipokuwa lile swali.

Nilitoka pale bila kunywa ile sucré, na njia nzima nilitembea na chuki kama mtu anayetembea na mtu mwingine. Sitakudanganya kwamba nilipigana nayo. Chuki ndiyo iliyoniamsha asubuhi, na nikikosa hamu ya kula ndiyo iliyonilisha. Nilipomwona Adolphine kwa dirisha anashona peke yake, niliichochea zaidi. Sikutaka Gérard afe. Nilitaka asimame mbele ya watu, aseme jambo la kweli kwa sauti yake mwenyewe, na asiaminiwe.

Yaliyofuata mliyasikia huko Kasenga, lakini niyapange. Kila Jumapili Gérard alikuwa na kipindi chake kifupi ambamo aliwashauri watu kuhusu ndoa na malezi. Jumapili ile, saa ya kipindi, sauti yake ilisema: “Mimi Gérard, tangazo la machimbo nilipewa na Mwansa kwa simu. Sikumuuliza mtu yeyote. Sauti mliyoisikia haikuwa ya Mounira, ilikuwa ya mashine. Mounira nilimfukuza kwa sababu alikuwa anauliza. Watu walikufa wakitungoja. Nawaomba wajane wanisamehe.” Ilisema hivyo, ikarudia, kisha muziki wa dini ukaendelea.

Wakati huo mwenyewe alikuwa angani. Alikuwa amepanda ndege uwanja wa Luano kwenda Kinshasa kwa mambo yake, simu imezimwa. Mjini watu walisema amekiri kisha amekimbia. Vijana walikwenda kuvunja vioo vya kituo, na wajane walikaa chini mbele ya ofisi ya procureur, mwendesha mashtaka wa serikali, hawakutaka kuinuka. Gérard alipotua Kinshasa alikuta watu wanamngoja, na baada ya siku chache alirudishwa Lubumbashi katikati ya maaskari. Mwansa, alipoona rafiki yake amemtaja, naye alikwenda mwenyewe kumtaja Gérard zaidi, ili mzigo wote usimwangukie. Wote wawili sasa wako gereza la Kasapa.

Alipokuwa anashushwa garini, waandishi wa habari walimzunguka. Nilikuwa pale, yaya, nimejifunika kitambaa. Gérard alipiga kelele, “Haina mie. Ni mashini ilisema.” Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alisema hata yule muuza samaki, yaani mimi, alisema hivyo hivyo, lakini yeye alikuwa anasema kweli. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Jioni ile ile Adolphine alikuja kwangu. Alipiga magoti mlangoni, mimi nikamkataza. Alisema, “Unisamehe, dada. Nilipiga muntu wa bure.” Tulilia wote wawili. Siku iliyofuata nilisema tena kwa sauti pale sokoni, na watu wakanijibu kama zamani.

Kama habari ingeishia hapo, ningekuacha umsifu Gérard mpaka uchoke. Lakini wiki zilipita, na mwanasheria wake alikuwa mtu mwerevu. Aliona mji umelainika kwa sababu ya yale maneno ya mwisho, ya kuomba wajane msamaha. Mapadri waliyazungumzia, na hapo kwenu imamu aliyazungumzia. Basi Gérard aliacha kusema ni mashine. Alianza kusema ndiyo, ni mimi, ilikuwa dhamiri yangu, niliirekodi kabla ya kusafiri kwa sababu nilikosa nguvu ya kuwatazama machoni. Akaanza kupokea wageni. Wengine walimpelekea Biblia.

Na Adolphine alianza kumpelekea chakula. Nilimwona kwa macho yangu akipita na sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki, samaki alionunua kwangu, imefungwa kwa kitambaa. Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda Kasapa, kwamba tangu siku ile mtu yule alipowaomba msamaha anaweza kulala, na kwamba amemsamehe. Alisema ameona mfungwa ambaye ndugu zake wako mbali hapati chakula kizuri.

Yaya, kaa chini.

Gérard hakukiri. Aliyeandika maneno yale ni mimi, na sauti ni ya mashine. Ni jambo lile lile alilonifanyia mimi.

Syntiche ndiye aliyenisaidia. Siku ya maporomoko alikuwa studio, aliisikia simu ya Mwansa kwa kipaza sauti, na ni kidole chake kilichobonyeza ili tangazo lisomwe, kwa amri ya Gérard. Tangu hapo alikuwa amekonda. Nilimwita nyumbani kwangu, nikamweleza ninachotaka, na hakubisha. Vipindi vya Gérard vya Jumapili vilikuwa vimejaa ndani ya kompyuta, miaka na miaka ya sauti yake. Mashine ilivila vyote mchana mmoja tu. Nilikaa karibu na Syntiche, nikaandika neno, na Gérard akalisema. Nikalifuta, nikaandika lingine, naye akalisema. Nilimfanya aseme jina langu. Nilimfanya aseme jina la Clément, tena, na tena, mpaka Syntiche akanishika mkono.

Hapo ndipo pana jibu la swali lako kuhusu Rabia. Huku watu wanasema mashine ni kama kisu, kwamba ubaya uko mkononi mwa anayekishika. Mimi sikubali. Kisu hakikufanyi ujione Mungu. Nilipomsikia mtu yule anatii kila nilichoandika, nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia katika maisha yangu, wala siku ya ndoa yangu. Nilielewa kwa nini Gérard hakutaka kunirudisha. Siogopi mashine kwa sababu ni ngeni. Naiogopa kwa sababu mikono yangu iliizoea upesi sana.

Sentensi ile ya msamaha sikuitaka. Niliandika mambo ya kweli tu, kila neno nililijua ni kweli. Ni Syntiche aliyesema watu hawataamini, kwamba mtu anayejishtaki redioni lazima awe na kitu anachokiomba. Nilikataa. Baadaye nikaona anasema kweli, nikaongeza mstari mmoja, kama unavyoongeza chumvi. Huo tu ndio ulikuwa uongo, na huo ndio alioushika Gérard na kujifunika nao kama blanketi.

Syntiche ameshavuka mpaka, yuko kwa dada yake upande wa Zambia, kwa hiyo barua hii haimdhuru. Mimi niko hapa.

Siku niliyoiona sufuria ile nilishindwa kula. Mtu aliyewaacha wanaume wale wakae katika giza wakimngoja, sasa alikuwa anakula samaki wangu kutoka mkononi mwa mjane, kwa sababu ya neno la huruma nililolitunga mimi. Nilikuwa nimempa zawadi. Nilikwenda kwa Adolphine asubuhi na mapema, kabla hajawasha moto, nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Alikuwa anatia uzi ndani ya sindano ya cherehani. Hakuacha. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu, kama mtu yule hajawahi kusema pole kwa mdomo wake. Nilimwambia sijui anachowaambia wageni wake, lakini siku ile hakusema.

Siku hiyo alikwenda Kasapa mikono mitupu. Jioni alipita kwangu kunieleza, akabaki amesimama. Alikaa mbele ya Gérard, akamwambia, “Leo niko hapa mbele yako. Sema sasa, nisikie.” Gérard alimwambia ameshasema, mji mzima ulisikia. Adolphine akamwambia asiseme kwa mji, aseme kwake, na ataje jina la Clément. Gérard aliangalia askari, akaangalia mikono yake, halafu akasema avocat wake, yule mwanasheria, amemkataza kuzungumzia mambo ya kesi. Adolphine alingoja. Gérard alipofungua mdomo tena, ilikuwa kumuuliza kama kesho ataleta chakula.

Yaya, nilipolisikia hilo, uso wangu ulicheka. Sikuweza kuuzuia. Nilikuwa nimemnyang'anya hata ule msamaha, na safari hii bila mashine, kwa kinywa chake mwenyewe. Adolphine aliuona uso wangu. Akaniambia, bila kupaza sauti:

“Nilidanganywa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa sauti yako, lakini haikukuwa weye. Mara ya pili ilikuwa sauti ya mwingine, na hapo njo ilikuwa weye mwenyewe.”

Akaenda. Sasa ananunua samaki kwa mtu mwingine. Asubuhi anapita mbele ya mlango wangu, anaamkia nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto.

Nimefikiri sana na nimeamua. Wiki ijayo nitakwenda kwa procureur kusema nilichofanya. Usihangaike kwamba nitamfungua Gérard. Mwansa ameshaeleza mambo ya ile simu, na rafiki wawili wakianza kushtakiana hakuna anayebaki safi. Kesi yake haitaanguka bila Jumapili ile. Kitakachoanguka ni ule utakatifu wake tu, na ninataka uanguke mchana, watu wote wakiona. Kama wataniweka mimi pia Kasapa, nitakwenda upande wa wanawake nikijua yuko ng'ambo ya ukuta, hana mgeni wala sufuria.

Usiniandikie kwamba nimsamehe. Simhurumii. Ninaumia kwa ajili ya Adolphine, na maumivu hayo sijapata mahali pa kuyaweka. Lakini ukiniuliza kama ningeirudisha Jumapili ile, ningeifanya tena, neno kwa neno, ila ule mstari wa mwisho ningeuacha nje.

Rabia mwache aje. Asome, ajue mashine ile mpaka ndani. Nikiwa sipo nyumbani, Rachida wa unga ana ufunguo. Ila kabla ya darasa la kwanza, mwambie aende nyumba ya nyuma akashonewe sare, akae pale mpaka imalizike, na kama Adolphine atataka kuzungumza, amsikilize.

Mpe mama salamu zangu, lakini usimsomee barua hii. Mwambie tu kwamba sauti anayoisikia kwenye simu za watu, ikisoma matangazo, si ya mtoto wake. Msalimie Myriam, na wadogo wote mmoja mmoja kwa majina yao. Ukituma samaki tena, tuma kwa jina la Rachida, maana sijui nitakuwa wapi.

Mungu atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako,
Mounira